Tusimtwike mama wa kijijini lawama za mkaa wa mjini

Kila inapoanzishwa kampeni ya kulinda misitu, picha inayobandikwa huwa ile ile: mwanamke wa kijijini, ngata kichwani, tita la kuni juu ya ngata, mtoto mgongoni. Nimeikuta kwenye mabango ya barabarani, kwenye kalenda, kwenye vitabu vya shule na kwenye kuta za kumbi za mikutano. Alfajiri ya siku yoyote, ukisimama Kibaha au Kongowe, utaona pikipiki zikiingia Dar es Salaam na magunia ya mkaa yaliyofungwa kwa kamba za mpira, dereva amekaa juu ya tangi la mafuta kwa kukosa nafasi. Nyuma yao yanakuja malori. Hakuna anayempiga picha mpangaji wa Mbagala anayenunua kopo lake la jioni, wala mwenye baa wa Sinza anayemaliza gunia zima kwa nyama choma ya usiku mmoja, kisha akaandika chini ya picha hiyo kwamba hawa ndio wanaomaliza misitu.

Niseme msimamo wangu mapema. Tumechanganya mambo mawili na kuyapa dawa moja. Kuni za kijijini, kwa sehemu kubwa, ni suala la afya na muda wa wanawake. Mkaa wa mjini ni suala la msitu. Ukilinganisha mikoa yetu, na nchi mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, utaona kwamba sera zilizoshindwa ni zile zilizomlaumu mpishi, na zilizofaulu zilianza kwa kuuliza maswali mawili: mti huu ni wa nani, na nishati mbadala inauzwa kwa kipimo gani?

Hesabu ya tanuri

Mchoma mkaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, kisha akayawasha yaungue polepole kwa siku kadhaa huku akiibania hewa. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa mkaa wenye uzito wa asilimia 10 hadi 20 tu ya kuni zilizoingia. Gunia la kilo 50 la mkaa, basi, limetokana na kilo 250 hadi 500 za kuni. Kilo moja ya mkaa ina joto la kilo mbili hivi za kuni kavu. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti imekwisha kupotea porini, kama moshi, kabla gunia halijafungwa mdomo.

Mtetezi wa mkaa atasema jiko la mkaa halipotezi moto kama mafiga matatu, na hilo ni kweli. Mafiga yasiyokingwa na upepo huupa chungu kiasi cha sehemu moja ya nane hivi ya joto, ilhali jiko la mkaa laweza kufikia sehemu moja ya tano au zaidi. Hata ukimpa haki yake yote, bado mti mmoja ukiliwa kama kuni kijijini utapika mara moja na nusu hadi karibu mara tatu ya utakavyopika ukisafirishwa mjini kama mkaa.

Halafu kuna aina ya mti. Mama wa kijijini huokota matawi makavu, huvunja vijiti vya ua, huchoma mabua ya mahindi na magunzi. Pwani ana makumbi, vifuu na makuti. Hana msumeno, na hana haja ya kuangusha mti ambao hawezi kuupasua wala kuubeba. Yapo maeneo ambako hata yeye hukata miti mibichi, hasa palipokauka na penye watu wengi. Lakini mchoma mkaa anatafuta mti mgumu na mkubwa kila siku, kwa sababu mnunuzi wa mjini anataka mkaa mzito usioisha upesi. Myombo, mtundu, migunga: hiyo ndiyo miti inayoanguka, na inaanguka mizima.

Tazameni Dar es Salaam yenyewe. Watafiti waliofuatilia misitu kuizunguka waligundua kwamba mwaka 1991 ukingo wa uchomaji mkaa ulikuwa kilomita 20 hivi kutoka jijini, na kufikia mwaka 2005 ulikuwa umesogea hadi kilomita 50. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilikuwa imekwisha kugugunwa kingo zake, na mkaa ukaanza kufuatwa Rufiji, Handeni na Kilosa. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2009, ilikadiria kwamba Tanzania inatumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka na kwamba nusu yake inachomwa na jiji hili moja. Zidisha nusu hiyo kwa hesabu ya tanuri: ni tani milioni mbili na nusu hadi milioni tano za miti kila mwaka kwa ajili ya mji mmoja. Wakati huo Dar es Salaam haikuwa imefika watu milioni nne. Sensa ya mwaka 2022 imeikuta na zaidi ya milioni tano.

Jambo la kusikitisha zaidi katika ripoti ile ni mwelekeo. Tumezoea kuambiwa kwamba watu wakipata elimu na mshahara wataacha kuni waende kwenye mkaa, kutoka mkaa waende mafuta ya taa, kisha gesi, kisha umeme, mtu akipanda kwa mpangilio bila kurudi nyuma. Dar es Salaam ilifanya kinyume. Kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya zilizotegemea mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Hiyo ilikuwa miaka ya simu za mkononi, magari ya mitumba na magorofa ya vioo, na jiji likarudi kwenye mkaa. Bei za mafuta duniani zilikuwa zikipanda, na mama mwenye nyumba alifanya hesabu zake jikoni bila kumsubiri mchumi.

Njaa ya kuni iliyotabiriwa

Lawama kwa mpishi wa kijijini zina historia. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Erik Eckholm, alichapisha andiko lililoiita kuni shida ya pili ya nishati duniani, pembeni ya shida ya mafuta iliyokuwa imeitikisa dunia miaka miwili kabla. Alikuwa na nia njema, na aliwafungua macho wakubwa waliodhani nishati ni mafuta peke yake. Waliomfuata, hata hivyo, walitengeneza hesabu rahisi mno: chukua idadi ya watu, zidisha kwa kuni anazotumia kila mmoja, toa kiasi cha miti inayoota kila mwaka, na kinachobaki ni pengo. Kwa hesabu hiyo nchi nyingi za Afrika zilionekana zingefika mwisho wa karne zikiwa na meko baridi.

Mwaka 2000 ulifika, na chungu kikaendelea kuchemka. Hesabu ile haikuona miti iliyo nje ya misitu: mashambani, mipakani, uani, kwenye mashamba yaliyopumzishwa. Ilidhani pia kwamba mtu akiona kuni zinaadimika ataketi tu akisubiri ziishe. Mkulima hafanyi hivyo. Hupanda, hubana matumizi, huhamia kwenye mabua. Ukambani, wilaya ya Machakos nchini Kenya, maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 walikuwa wameandika kwamba ardhi inakufa. Watu walikuwa 240,000 hivi mwaka 1932, na kufikia mwaka 1989 walikuwa wamefika milioni 1.4. Watafiti waliporudi na picha za zamani mkononi walikuta matuta kwenye miteremko na miti mingi kuliko iliyokuwapo babu za wakazi hao walipokuwa wachache.

Sisi tuna mfano wetu ulio mzito zaidi, nao ni Shinyanga.

Shinyanga ilikuwa na misitu ya migunga na miombo. Serikali ya kikoloni ilihimiza misitu hiyo ifyekwe ili kuwafukuza mbung'o, kisha pamba ikaja ikafyeka zaidi, na mifugo ikaongezeka. Wasukuma walikuwa na utaratibu wao uitwao ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa masika, nyasi na miti vikapata nguvu, kisha ikafunguliwa kiangazi kikali kinapofika. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na ngitili zao, na utaratibu ule ukabaki bila mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 wanawake walikuwa wakipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, na Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni maofisa walikuja na miche ya kigeni na mafunzo, kama ilivyo kawaida. Kilichoigeuza Shinyanga ni uamuzi wa kurudi kwenye ngitili na kuwaachia watu wa vijiji, na familia moja moja, mamlaka juu yake. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2003 zilikuwa si chini ya hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu: mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi, ikisubiri iachwe ipumue. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kwa mama wa Meatu na Kahama faida yake ilihesabika kwa saa, kwani safari ya kwenda kuni ilipungua kwa saa mbili hadi sita.

Saa hizo ni mali. Ni palizi iliyofanyika kwa wakati, ni msichana aliyewahi darasani, ni mgonjwa aliyepelekwa zahanati kabla homa haijapanda. Nani amewahi kuziingiza kwenye bajeti ya taifa?

Niger, upande wa pili wa bara, ilipita njia kama hiyo. Chini ya sheria zilizorithiwa kutoka kwa Wafaransa mti ulikuwa mali ya serikali hata ukiota katikati ya shamba lako la mtama. Mkulima aliuona kama balaa litakalomletea askari wa misitu na faini, akaung'oa mapema. Tangu miaka ya 1980, wakulima wa Maradi na Zinder walipoanza kuacha machipukizi yakue, na serikali ikalegeza mkono hadi wakayahesabu kuwa yao, miti ilirudi kwenye hekta karibu milioni tano. Mvua haikuongezeka kiasi cha kueleza mabadiliko hayo, na watu waliongezeka sana.

Wenzetu waliachaje kuni?

Tukisema nchi tajiri ziliacha kuni kwa sababu ya ustaarabu, tunajidanganya. Ziliacha pale zilipobanwa na bei, na zilipopata kitu kingine karibu.

Uingereza ilibanwa mapema. Katika karne ya 16 kuni zilipanda bei London, na wakazi wake, wakinung'unika juu ya harufu, wakahamia kwenye makaa ya mawe yaliyoletwa kwa majahazi kutoka Newcastle. Wafua chuma waliendelea kuhitaji mkaa wa miti hadi mwaka 1709, Abraham Darby alipofaulu kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa. Miti ikapumua, lakini mapafu yakalipa. Desemba 1952 ukungu wa moshi uliifunika London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu. Sheria ya hewa safi ilikuja mwaka 1956, karne nne baada ya meko ya kwanza ya makaa ya mawe kuzoeleka. Marekani, yenye misitu isiyo na mwisho machoni pa walowezi, haikuwa na haraka: kuni ziliongoza huko hadi miaka ya 1880, zikiendesha hata meli za mvuke na garimoshi.

Garimoshi letu pia lilikula miti. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuipatia kuni reli ya Uganda. Addis Ababa nayo, miaka michache kabla, ilikuwa karibu kuhamwa kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha, kama miji mikuu ya Ethiopia iliyotangulia ilivyohamahama. Mikaratusi iliyoingizwa enzi za Mfalme Menelik ndiyo iliyoufanya mji ubaki ulipo, na hadi leo vilima vyake vina harufu ya majani hayo. Watu wanaulaumu mkaratusi kwa kunywa maji, na wana hoja. Lakini Rwanda, nchi ndogo yenye watu wengi, mkaa wake mwingi umetoka kwenye mikaratusi iliyopandwa na wakulima kwenye ardhi yao, wala haukutoka kwenye msitu wa asili wa Nyungwe. Mkulima aliyeotesha mti ana sababu ya kuotesha mwingine.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni Korea Kusini. Vita vilipoisha mwaka 1953 vilima vyake vilikuwa vitupu. Baridi ya huko ni kali, na nyumba zilipashwa joto kwa moto uliopitishwa chini ya sakafu, hivyo kila kaya ilihitaji kuni za kupikia na za kuotea. Serikali ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Ilisambaza mijini matofali ya makaa ya mawe yenye matundu, yaliyouzwa moja moja kwa bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani aliimudu, na ikaanza mwaka 1973 mpango wa miaka kumi wa kuotesha misitu, ukiwa na mashamba ya kuni za vijiji ndani yake. Lengo la miaka kumi lilifikiwa mwaka 1978. Matofali yale yaliua watu wengi kwa hewa ya sumu vyumbani, na sitaki tuige kosa hilo. Ninachotaka tuige ni mpangilio: mbadala uliingia jikoni huku mlima ukifungwa. Figa moja haliinjiki chungu.

Sweden kwa upande wake haikuacha kuni hata kidogo. Sheria yake ya mwaka 1903 ilimlazimu anayevuna msitu aoteshe mwingine, na leo mabaki ya viwanda vyake vya mbao huchomwa kwenye mitambo inayopeleka maji ya moto majumbani kwa mabomba. Kuni, kumbe, zinaweza kuwa nishati ya nchi tajiri. Kinachoamua ni nani anawajibika kwa mti unaofuata.

Marufuku humshibisha nani?

Ukanda wetu, badala yake, umependa marufuku. Mwaka 2006 Tanzania ilipiga marufuku mkaa. Bei iliruka, na ndani ya wiki mbili hivi amri ikalegea. Kenya ilisitisha uvunaji misituni Februari 2018, na Kitui mwaka huo huo lori la mkaa lilichomwa moto hasira zilipopanda. Uganda, Mei 2023, Rais Museveni alitoa amri ya kuzuia uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, ambako miti ya shea, itoayo mafuta, ilikuwa ikisafirishwa Kampala kwa magunia. Watu wa Acholi walikuwa na haki ya kulalamika: mti unaowalisha watoto wao mafuta unageuka moto wa kuchomea ndizi za mji wa mbali. Lakini marufuku haimwambii mama wa Kampala apikie nini kesho.

Somalia inatuonyesha marufuku ikivuka bahari. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikataza mkaa wa Somalia kuuzwa nje, kwa sababu fedha zake ziliwalisha al-Shabaab. Migunga ya bonde la Juba ilikuwa ikipakiwa Kismayo na kupelekwa nchi za Ghuba kwa ajili ya nyama za kuchoma na shisha. Baada ya azimio hilo majahazi yaliendelea kusafiri kwa miaka kadhaa, yakibeba hati za nchi nyingine. Mlaji yupo, fedha ipo, mlinzi wa mti hayupo. Marufuku ifanye nini peke yake?

Goma, mashariki ya Congo, mambo ni machungu zaidi. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipiga kambi pembeni mwa hifadhi ya Virunga na kupikia miti yake, maana mwenye njaa hana miiko. Baadaye makala, kama wanavyouita mkaa huko, yakawa biashara ya wenye bunduki. Mwaka 2007 sokwe kadhaa wa milimani waliuawa humo, na biashara hiyo ikahusishwa na mauaji yao. Hifadhi ilijifunza kwamba askari peke yao hawatoshi, ikaanza kujenga mitambo ya umeme wa maji. Ule wa Matebe, uliokamilika mwaka 2015, una uwezo wa megawati zaidi ya 13. Vita vimeikwamisha kazi hiyo mara nyingi, lakini chanzo wameking'amua.

Mtungi na kopo

Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwezi huo huo, Rais Samia alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia Afrika. Serikali inasema moshi wa jikoni huchangia vifo takriban 33,000 nchini kila mwaka. Ninauunga mkono mkakati huu kwa moyo wote, hasa kwa sababu ya mapafu ya akina mama na watoto wanaokaa karibu na mafiga. Ila nina hofu na namna tunavyopima mafanikio yake. Tunahesabu mitungi iliyogawiwa.

India ilihesabu mitungi pia. Mpango wake wa Ujjwala ulianza mwaka 2016, na kufikia Septemba 2019 ulikuwa umeziunganisha na gesi kaya milioni 80 maskini, kazi kubwa isiyopaswa kubezwa. Kisha ikaonekana kwamba familia nyingi hazirudi kujaza. Mtungi wa kwanza ulikuja na ruzuku; wa pili ulitaka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na kuni zilikuwa bure nyuma ya nyumba. Kenya nayo ilionyesha jinsi jambo hili lilivyo dhaifu. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta gesi imefikia karibu robo ya kaya, baada ya kodi ya ongezeko la thamani kuondolewa mwaka 2016. Julai 2021 kodi hiyo ikarudishwa kwa asilimia 16, bei ikapanda, ikabidi ipunguzwe hadi asilimia 8 mwaka uliofuata na kuondolewa tena mwaka 2023. Waliokuwa wameanza kuuzoea moto wa bluu walirudishwa kwenye jiko la mkaa na uamuzi wa bungeni.

Mkaa una siri moja ambayo wapangaji wa sera hawaipi uzito: unauzwa kwa kopo. Mama lishe wa Buguruni au kibarua wa Tandale hupata fedha kwa siku na hutumia kwa siku. Akijumlisha makopo ya mwezi, huenda analipa zaidi ya anayenunua gesi, na yeye anajua. Lakini hana fedha ya mtungi mzima mkononi leo jioni, na watoto wanataka kula leo jioni. Gesi inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu imeanza kupatikana kwenye miji yetu. Hapo ndipo ruzuku ingeelekezwa, kwenye kujaza na kwenye kipimo kidogo, kabla ya kugawa mitungi zaidi kwenye mikutano ya hadhara.

Kijijini dawa ni nyingine. Kwa familia inayookota kuni bure, kilomita nyingi kutoka duka la gesi, jiko banifu lenye bomba la kutolea moshi, miti ya kuni mpakani mwa shamba na dirisha jikoni vitaokoa mapafu na saa nyingi kuliko ahadi ya mtungi usiojazika. Taasisi kubwa, yaani shule za bweni, magereza na kambi, zilishaagizwa ziache kuni na mkaa pale zinapolisha watu zaidi ya mia moja, na huko ni sahihi kuanza kwa nguvu, maana shule moja hula malori. Vile vile tuwatazame wakaushaji tumbaku wa Urambo na Kaliua na wachoma matofali. Mabani ya tumbaku hula miombo kila msimu, na kampuni zinazonunua jani hilo zina fedha kuliko mama anayesonga ugali.

Mkaa wenye mwenyewe

Mkaa hautaisha kesho. Basi na utoke kwenye msitu wenye mwenyewe. Kilosa, tangu mwaka 2012, vijiji kadhaa vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao kwa ajili ya mkaa, vikaigawa vitalu, na kuvivuna kwa mzunguko wa miaka 24 huku visiki vikiachwa vichipue, kwa kuwa miombo hurudi yenyewe isipochomwa wala kulimwa. Mrabaha uliingia kwenye mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa na kugharimia walinzi wa msitu. Kijiji kilichopata darasa kutokana na msitu wake hakihitaji bango la kukihimiza kuulinda. Serikali Kuu na halmashauri zimekuwa zikivutana juu ya vibali na mgawo wa ushuru wa mazao ya misitu, na mvutano huo ukiendelea, mchoma mkaa wa magendo ndiye anayefaidi, kwa kuwa yeye hana mzunguko wa miaka 24 wala hajengi darasa.

Na mjini tuanzie kwenye Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Jiko la umeme la presha hupika maharage kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini nyumba za kupanga za uswahilini zina mita moja kwa vyumba sita au nane, umeme hununuliwa kwa kuchanga, na mwenye nyumba hupiga marufuku jiko la umeme siku ya kwanza unapoingiza godoro. Mpangaji huyo anaweza kuwa na fedha, akawa na nia, akawa amelisikia tangazo la nishati safi redioni, na bado akatoka jioni na ndoo kwenda kwa muuza mkaa. Mkakati wa 2034 ungeweka mita ndogo kwa kila chumba cha kupanga, kwa gharama inayolipwa taratibu ndani ya bili, ungegusa magunia mengi zaidi kuliko kizuizi chochote cha barabarani pale Kibaha.